Mkondo wa Amali Shuleni Kwako: Mwongozo Kamili wa Kupata Kibali na Fedha

Maandiko ya maombi ya shule za sekondari zinazotaka kuanzisha mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi kwa vitendo, hurudishwa kwa sababu zilezile kila mwaka. Kubwa kuliko zote ni kuomba kibali na fedha kwa barua moja. Hivyo ni vitu viwili na vina wenyewe wawili. Kibali ni cha Kamishna wa Elimu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Fedha za shule ya serikali hupita OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na halmashauri yako. Barua inayoomba vyote kwa pamoja hulala: ofisi moja inasema hili si letu, nyingine inasubiri ya kwanza ijibu.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa shule ya serikali Tanzania Bara ambaye shule yake tayari imesajiliwa na inafundisha elimu ya jumla. Kama umepangiwa shule mpya iliyojengwa na Serikali mahususi kwa amali, anzia Hatua ya 4. Wenye shule binafsi wana sehemu yao karibu na mwisho.

## Andaa hivi kabla ya kuandika neno lolote

- Nakala ya cheti cha usajili wa shule. Angalia namba vizuri: namba ya usajili na namba ya kituo cha mtihani cha NECTA zote huanza na herufi S, na watu huzichanganya.
- Mtaala wa Elimu ya Sekondari wa mwaka 2023 na muhtasari wa fani unayoitaka, kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).
- Ripoti ya mwisho ya Wathibiti Ubora wa Shule, hata kama haikusifii.
- Orodha ya walimu wote, masomo yao, vyeti vyao na vipindi vyao kwa wiki.
- Uthibitisho wa eneo la shule: hati kama ipo, au muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa uliotoa ardhi, pamoja na mchoro wa majengo.
- Idadi ya wanafunzi waliopangwa na walioripoti Kidato cha Kwanza kwa miaka mitatu iliyopita.
- Daftari la kuhesabia. Utalihitaji sana Hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chagua fani moja na uitolee ushahidi

Fani moja. Mbili kama una walimu na karakana tayari. Andiko lenye fani tano linamwambia msomaji kwamba hujapanga hata moja.

Ushahidi haupatikani ofisini. Tuma walimu wawili wazungukie karakana, gereji, nyumba za wageni, mashamba na viwanda vidogo vinavyofikika kutoka shuleni. Waulize mambo manne tu: unafanya kazi gani, umechukua vijana wangapi mwaka uliopita, unatumia vifaa gani, na uko tayari kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo? Majibu yaingie kwenye jedwali lenye jina la sehemu na sahihi ya mhusika.

Sababu ni hii: sentensi kama "fani hii ina soko kubwa" anaweza kuiandika yeyote. Jedwali la waajiri waliosaini haliandikiki bila kutembea, na mkaguzi analijua hilo. Shule ya Karatu, njiani kwenda Ngorongoro, ina hoja ya ukarimu na utalii iliyo wazi. Ya Kahama, kwenye ukanda wa migodi, itajieleza vizuri kwa uchomeleaji au umeme. Lakini hata hizo zinahitaji jedwali.

Tahadhari: Usichague fani kwa kuwa kuna mfadhili aliyeahidi mashine. Mashine ikishafika, mwalimu, umeme na malighafi vinabaki juu yako.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja unaotaja fani, waajiri waliohojiwa na nafasi za mafunzo kwa vitendo walizoahidi.

## Hatua ya 2: Jipime mwenyewe kabla hujapimwa

Fungua muhtasari wa fani, ukurasa kwa ukurasa, na uandike kila kifaa kinachotajwa. Chora safu tatu: kipo, kipo lakini kibovu, hakipo. Fanya hivyo pia kwa majengo, maji, vyoo na stoo. Stoo husahaulika sana, na karakana isiyo na stoo inayofungwa hupoteza vifaa kabla ya muhula kwisha.

Kisha nenda kwenye umeme, na hapa usiharakishe. Nimeona karakana ya sekondari yenye mashine ya kuranda mbao ambayo bado ilikuwa na nailoni yake ya kiwandani, vumbi limeganda juu, na nyuma yake ukutani kuna mita ya LUKU ya fezi moja. Mashine ilitaka fezi tatu. Gharama ya kuvuta laini na nguzo haikuwa kwenye andiko, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wanaranda kwa mkono huku mashine ikiwatazama. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mashine, au waraka wa muuzaji, ujue inataka umeme gani. Kisha peleka ombi la makadirio TANESCO mapema ili karatasi yao iwe kiambatisho chako.

Usalama nao una wenyewe. Karakana ni mahali pa kazi, hivyo OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, inahusika, na vizima moto vinahusu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Omba ushauri wao wakati jengo bado ni mchoro. Kuhamisha mlango kwenye karatasi ni bure.

Umefaulu ukiwa na jedwali la mapungufu ambalo halifichi kitu. Shule yenye mapungufu inaweza kupata kibali. Iliyoyaficha yakaonekana siku ya ukaguzi huanza upya.

## Hatua ya 3: Mwalimu kwanza, jengo baadaye

Swali la kwanza la mkaguzi ni nani atafundisha. Mwalimu wa Fizikia "anayependa umeme" si jibu.

Njia zipo tatu. Ya kwanza ni mwalimu mwenye sifa ya fani ambaye tayari yuko kwenye halmashauri yako, pengine anafundisha somo jingine kabisa. Afisa Elimu Sekondari anaweza kukuonyesha. Ya pili ni kuombea nafasi kwenye ikama ya halmashauri, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, jambo linaloenda na msimu wa bajeti na huchukua muda. Ya tatu ni ushirikiano na chuo cha VETA au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko 54 nchini, na vingi vina karakana na wakufunzi wa fani hizihizi.

Ukichukua njia ya tatu, pata makubaliano ya maandishi: siku gani, saa ngapi, wanafunzi wangapi, nani analipia malighafi, nani anawajibika mtoto akiumia. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa chuo hufa siku anapohamishwa.

Umefaulu ukiwa na ratiba ya wiki yenye jina la mwalimu kwenye kila kipindi cha fani, na nakala ya cheti chake nyuma.

## Hatua ya 4: Hesabu gharama mara mbili

Maandiko mengi hufia hapa, na kibaya zaidi mengine hupita hapa bila kugunduliwa, kisha mkondo ukafia darasani. Watu huhesabu gharama ya kuanza: jengo, mashine, samani. Hawahesabu gharama ya kuendesha: mbao, nyaya, vitambaa, unga, mbegu, umeme, blanketi la moto, msumeno ulioisha meno.

Gharama ya kuanza ni rahisi. Chukua safu ya "hakipo" na "kibovu" kutoka Hatua ya 2, tafuta bei kwa wauzaji watatu, ongeza usafirishaji na ufungaji.

Gharama ya kuendesha ihesabu kwa mwanafunzi mmoja. Tuchukue useremala, na bei hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Muhtasari wa fani ukidai kila mwanafunzi atengeneze vitu sita kwa mwaka, andika malighafi ya kila kitu. Stuli moja, kwa mfano, ina mbao za miguu, mbao za kiti, misumari, gundi, msasa na vanishi. Tuseme wastani wa kitu kimoja ni shilingi 6,000. Mwanafunzi mmoja atatumia 36,000 kwa mwaka, darasa la wanafunzi 40 litatumia 1,440,000.

Sasa linganisha na kinachoingia. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ya serikali imepangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu. Zinazobaki 12,500, mara wanafunzi 40, ni 500,000. Hata ungeacha kununua chaki na karatasi ukaimimina yote kwenye mbao, bado unapungukiwa 940,000. Fidia ya ada, ambayo ni 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, nayo ina kazi zake tayari.

Usiishie mwaka wa kwanza. Mkondo huanza na Kidato cha Kwanza na hupanda darasa moja kila mwaka. Mwaka wa nne una wanafunzi 160: malighafi 5,760,000, ruzuku 2,000,000, pengo 3,760,000. Andika pengo hilo waziwazi na useme litazibwa na nini: fungu la mapato ya ndani ya halmashauri, mauzo ya bidhaa za wanafunzi, au msaada wenye barua. Mauzo yaingie akaunti ya shule kwa risiti, na kwa mwaka wa kwanza yakadirie sifuri. Stuli ya kwanza ya mtoto wa miaka 14 hainunuliwi na mtu.

Tahadhari: Usiandike "mchango wa wazazi" kama chanzo cha uhakika. Tangu utaratibu wa elimu bila malipo uanze mwaka 2016, mchango wa hiari unabaki hiari. Bajeti inayoutegemea imeegemea ukuta ambao haujajengwa.

Umefaulu ukiwa na jedwali la miaka minne, gharama ya kuanza upande mmoja na ya kuendesha upande wa pili, pengo limeonyeshwa na chanzo kimetajwa.

## Hatua ya 5: Pitisha kwenye vikao, kwa mpangilio

Bodi ya Shule kwanza. Kisha serikali ya kijiji au mtaa, hasa kama karakana itahitaji ardhi au nguvu za wananchi. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani.

Usipeleke andiko lote kikaoni. Peleka kurasa mbili, moja ya fani na moja ya gharama. Unachokitafuta ni muhtasari wenye tarehe, mahudhurio, sahihi na mhuri, ambamo azimio limeandikwa kwa maneno kamili: "Kikao kimeridhia shule ianzishe mkondo wa amali, fani ya…". Muhtasari unaosema "mkuu wa shule alieleza kuhusu amali na wajumbe walifurahi" hauna azimio, na umewahi kurudisha mafaili mengi.

## Hatua ya 6: Andika barua ya kibali, ya kibali tu

Iwe ukurasa mmoja. Muundo ni huu:

*Kamishna wa Elimu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma.*
*K.K. Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya …*
*Yah: OMBI LA KIBALI CHA KUANZISHA MKONDO WA AMALI, FANI YA …, SHULE YA SEKONDARI …*

Aya ya kwanza itaje namba ya usajili, wilaya na mkoa, fani, na mwaka wa kuanza. Ya pili iseme idadi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza unaowaombea. Ya tatu itaje mwalimu, karakana na vifaa vilivyopo, pamoja na mapungufu na tarehe ya kuyamaliza. Ya nne iorodheshe viambatisho kwa herufi. Neno "fedha" lisionekane.

Mfikishie kwanza Afisa Elimu Sekondari nakala aisome kabla hujasaini. Yeye ndiye atakayemwandalia Mkurugenzi barua ya kusindikiza, na barua ya kusindikiza yenye maoni mazito ina uzito kuliko ombi lenyewe. Ofisi ya Uthibiti Ubora ya wilaya nayo ipate nakala siku hiyohiyo, kwa kuwa watatakiwa kuja kukagua.

Tahadhari: Usiwahamishie wanafunzi wa Kidato cha Pili au cha Tatu kwenye mkondo huu ili "waanze mapema". Wamesajiliwa kwenye elimu ya jumla.

Umefaulu ukiwa na nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, yenye tarehe na kumbukumbu namba. Bila namba hiyo huna cha kufuatilia.

## Hatua ya 7: Siku ya ukaguzi

Mkaguzi atakuwa na orodha yake, nawe uwe na yako ya Hatua ya 2 ikiwa imesahihishwa hadi juma hilo. Vifaa viwe vimepangwa mezani kwa mpangilio uleule wa jedwali. Mwalimu wa fani awepo, si mwakilishi wake. Leja ya stoo iwe wazi.

Kuazima vifaa shule jirani kwa siku moja ni mchezo wa zamani. Wakaguzi huuliza namba ya leja, basi.

Tumia siku hiyo kuuliza kuhusu upimaji. Mitihani ya masomo ya jumla ni ya NECTA, lakini mafunzo ya ufundi stadi yanasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ambayo hupima umahiri: mwanafunzi afanye kazi mbele ya mpimaji. Hiyo maana yake uanze kutunza kumbukumbu za kazi za kila mwanafunzi tangu wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza. Faili la kazi haliwezi kutengenezwa kwa usiku mmoja akiwa Kidato cha Nne.

## Hatua ya 8: Sasa fuata fedha

Usisubiri kibali kitoke ndipo uanze hatua hii. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mlango wa kuingiza mipango hufungwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti ukishatoka, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, halmashauri huanza kukusanya mipango ya vituo. Bunge linapoanza vikao vya bajeti mwezi Aprili, fungu lisilokuwamo halimo tena.

Mpango wa shule huingia kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, na matumizi yake husomeka kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo. Hakikisha shughuli ya amali ina mstari wake wenye jina lake. Ukiificha ndani ya "kuboresha mazingira ya kujifunzia", ukomo wa bajeti ukipunguzwa itakuwa ya kwanza kukatwa, na hakuna atakayejua nini kimekatwa.

Pochi zenyewe ni hizi, na kila moja ina tabia yake:

Bajeti ya halmashauri, kutokana na mapato ya ndani. Inafaa kwa kumalizia jengo na kwa pengo la malighafi. Diwani wako ndiye wa kuitetea, mpe kurasa mbili za Hatua ya 5.

Mfuko wa Jimbo. Kamati yake huongozwa na mbunge, na hupenda mradi ambao wananchi wameshaanza. Msingi uliochimbwa na tofali zilizofyatuliwa huzungumza vizuri. Usiuombee mishahara wala malighafi ya kila mwaka.

Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), inayosimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Hupokea maandiko ya miundombinu na vifaa. Hapa ndipo andiko kamili linapohitajika, si muhtasari.

Fedha za wajibu kwa jamii za kampuni za madini, kama uko eneo la mgodi. Mpango wake hukubaliwa kati ya kampuni na halmashauri, kwa hiyo kuzungumza na meneja wa mgodi peke yake hakutoshi.

Hoja moja itakusaidia kwenye pochi zote. Chini ya mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la Nne watamaliza la Saba. Wote wataingia Kidato cha Kwanza Januari 2028. Halmashauri inayojua kuhesabu inajua itahitaji nafasi, na karakana yako ni sehemu ya jibu.

Umefaulu ukiuona mstari wa shughuli yako kwenye kitabu cha bajeti kilichopitishwa na Baraza la Madiwani. Kuambiwa "imewekwa" bado si kuiona.

## Hatua ya 9: Fedha ikiingia

Manunuzi yapite NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Unda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi mapema, na kamati ya mapokezi imshirikishe mwalimu wa fani. Mhasibu ataona idadi ya tindo. Mwalimu ataona kwamba chuma chake ni laini.

Nunua malighafi ya muhula wa kwanza kabla ya mashine ya pili. Ukilazimika kukata, kata ukubwa wa mashine.

## Kwa wenye shule binafsi

Hatua 1 hadi 4 na ya 7 ni zilezile. Kwenye Hatua ya 5 ni mwenye shule na bodi yake, na muhtasari unahitajika vilevile. Hakikisha mwenye shule na meneja waliopo kwenye kumbukumbu za Wizara ndio wanaosaini. Shule iliyouzwa bila kubadili majina hukwama papo hapo. Ruzuku ya uendeshaji haikuhusu, hivyo gharama ya malighafi iwe ndani ya ada uliyotangaza kabla ya mzazi kuandikisha mtoto. TEA hutoa mikopo nafuu kwa taasisi binafsi, na watataka kuona jedwali la miaka minne.

## Barua ikirudi

Isome mpaka mwisho kabla ya kupiga simu. Kama imesema "kamilisha", faili bado liko hai: rekebisha kilichotajwa tu, taja kumbukumbu namba ya zamani, na peleka tena kwa njia ileile. Usibadili fani katikati, maana hapo unaanza upya bila kuambiwa.

Kama haikutaja sababu, andika kupitia kwa Mkurugenzi uombe ripoti ya ukaguzi. Kama imesema mwalimu, acha mengine yote urudi Hatua ya 3. Hakuna jengo litakaloziba nafasi hiyo. Na kama ukimya umezidi miezi mitatu, beba nakala yenye mhuri, nenda masjala ya halmashauri, uliza faili liko meza gani. Mara nyingi halijatoka wilayani.